Simu Zilizotundikwa Kwenye Groto

Kitongoji cha Lumbuli,
Milima ya Uluguru,
Morogoro.
Julai, 2010

Kaka yangu mpendwa Deogratias,

Tumsifu Yesu Kristo. Na baada ya kumsifu, shikamoo kaka. Kifua chako kinaendeleaje? Uliposema kwenye simu kwamba unakohoa kwa sababu ya baridi ya ofisini, nilimfikishia Bibi habari hiyo, naye akauliza ni Dar es Salaam gani hiyo yenye baridi, au umehamia Mgeta bila kutuaga. Nilimweleza kwamba ofisi za mjini zina mashine za kupoza hewa. Akasema mtu anayetaka baridi arudi nyumbani, huku inatolewa bure.

Bibi hajambo. Anakula, analalamika, na asubuhi anaota jua ukutani pamoja na kuku wake. Mimi pia sijambo. Mtihani wa kidato cha tatu tumeumaliza na nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni Sabra, yule mjukuu wa Mzee Hatibu mganga wa mifupa, na ndiye atakayeshuka na barua hii mpaka mjini akaitie posta. Najua barua zote huanza kwa kusema sisi sote huku ni wazima. Mimi nimemtaja Bibi na nimejitaja mimi. Mama nitamfikia, na nakuomba usiruke mistari kumtafuta, kwa sababu nikianza na yeye sitaweza kuandika yaliyobaki.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati Jumapili tu tumeongea. Kaka, huenda umesahau palivyo pale tunapoongelea. Nyumbani mtandao haufiki. Mlima umekaa kati yetu na mnara, na mwalimu wetu wa fizikia alituchorea ubaoni jinsi mawimbi yanavyogonga jabali na kurudi yalikotoka. Yanapofika ni juu kabisa mgongoni mwa kilima, kwenye groto, lile pango la mawe lenye sanamu ya Bikira Maria, kando ya kanisa la kigango. Ndiyo maana simu zote za Lumbuli zinaishi kule. Zimetundikwa kwenye waya uliofungwa zamani kwa ajili ya mashada ya maua, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, na anayepita akisikia moja inalia hupaza sauti kuelekea bondeni kumwita mwenyewe. Hata ya Mzee Hatibu iko hapo, ingawa yeye ni Mwislamu. Husema simu yake imebatizwa bila ya yeye kuulizwa.

Kwa hiyo unapopiga Jumapili baada ya ibada, mimi napokea nikiwa nimezungukwa na nusu ya kigango. Nikikwambia mvua imenyesha, kuna anayenisahihisha kwamba si mvua, ni manyunyu. Nikikuuliza unakuja lini, kuna anayedakia kwamba uje na sabuni. Unanijua mimi, hata darasani nikiwa na jibu nanyoosha kidole chini ya dawati. Jambo ninalotaka kukwambia leo siwezi kulisema pale. Na Mama amenikataza kulisema popote.

Linahusu safari yako. Jumapili ile ulikuwa na furaha mpaka sauti ilikuwa inakatika. Ulinieleza kwamba taarifa za kampuni yenu zimeonyesha mteja mmoja wa Lumbuli aliyeomba usafiri wa mgonjwa akaupata kabla dakika moja haijaisha, kwamba hakuna mahali pengine popote, mjini wala kijijini, palipofanya hivyo, na kwamba wakubwa wako walikupigia makofi mkutanoni. Ukasema sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mtapanda nao kuja kuona kwa macho yao, na kwamba nimwambie Mama ajiandae, mtamkuta pale groto amesimama na tepu yake ya kupimia nguo shingoni, apigwe picha akipokea simu ya mteja. Watu waliokuwa karibu yangu walisikia yote. Hakuna aliyenisahihisha siku hiyo. Walitazama viatu vyao.

Naomba nikurudishe Krismasi kidogo. Ulisimama baada ya misa ukaeleza ile huduma yenu ya Yupo Karibu, kwamba mwenye shida anaandika neno moja tu, fundi, au mkunga, au usafiri, na kompyuta iliyoko Dar es Salaam inatazama ni nani mwenye kazi hiyo aliye karibu naye na mwenye nafasi, kisha inawaunganisha. Mwenye kazi naye anatuma NIPO akiwa na nafasi na SIPO akiwa hana. Nilikuwa benchi la mbele na nilijivuna mpaka nikajionea haya. Ulimwandikisha Mama kuwa fundi cherehani, Mzee Hatibu kuwa mganga wa mifupa, na Mjomba Mikaeli na wenzake wanaobeba machela kuwa usafiri wa wagonjwa. Mjomba alikuuliza itakuwaje siku akiwa shamba la mbali, ukamjibu kwamba atatuma SIPO. Akasema yeye hawezi kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba hayupo na huku anapumua, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kutokuwepo. Ulicheka, na sisi tukacheka. Wote wakatuma NIPO pale pale kwenye groto, wakazirudisha simu kwenye waya, wakashuka kwenda kula pilau.

Jambo jingine lililoamuliwa siku ile ni kengele. Wewe umekua ukiisikia. Ni rimu la lori, lakini likigongwa kwa nondo linasikika mpaka korongo la tatu, mahali ambapo hakuna simu itakayofika. Zamani likipigwa taratibu, ni sala. Likipigwa harakaharaka, ni mgonjwa, na kila mwanamume aliyesikia aliacha jembe akaja kubeba machela mpaka barabarani. Likipigwa moja moja kwa kutulia, ni msiba. Ulishauri kwa upole kwamba hakuna haja tena ya kuwatoa wanaume wote mashambani kwa kazi ya watu wachache, kwa kuwa sasa atapigiwa anayehusika tu. Wanaume waliipenda sana hoja hiyo, maana ugonjwa una tabia ya kuja siku ya gulio. Katekista Emmanuel akatangaza kwamba kuanzia siku ile rimu ni la sala na msiba tu, na likilia nje ya saa za sala, hata likilia vipi, watu wajue kuna aliyefariki. Machela ikatolewa kanisani ikapelekwa kwa Mjomba ng'ambo ya korongo, kwa kuwa yeye ndiye atakayepigiwa.

Simlaumu mtu, kaka. Nilikuwepo, na mimi pia nilipiga makofi.

Sasa nimfikie Mama. Masika ya mwaka huu yalikuwa makubwa na udongo wa matuta ukawa kama sabuni. Siku moja ya mwezi wa nne, mchana, tulikuwa wawili kule bondeni kwenye kabichi. Mama alibeba tenga akawa anapanda, mguu ukamponyoka, akaanguka matuta mawili chini. Hakupiga kelele. Alikaa matopeni akiutazama mguu wake kama vile ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Mimi ndiye niliyelia. Aliniambia ninyamaze, nipande groto nichukue simu yake, niandike USAFIRI kama kaka yangu alivyotufundisha, na nisipige mayowe njiani watu wakadhani kuna jambo kubwa. Nilimfunika kwa gunia kwa sababu ya manyunyu. Akaniambia pia nisikimbie, kwa kuwa nikivunjika na mimi hatapatikana wa kuandika huo ujumbe.

Nilikimbia. Juu kwenye groto hapakuwa na mtu. Nilituma, na jibu likaja hata kabla sijafuta maji kwenye kioo, kwamba Mikaeli, usafiri wa wagonjwa, yupo karibu nawe, subiri anapigiwa. Nilifurahi. Nataka ujue kwamba nilifurahi kabisa, na kwamba nilikuwaza wewe. Halafu simu ya Mjomba ikaanza kulia mbele ya macho yangu, pale pale kwenye waya, ule wimbo wake wa kwaya, mfuko wa plastiki ukitikisika na matone yakidondoka.

Niliitoa. Sauti ya mwanamke ilisema kuna mteja karibu nawe anahitaji usafiri wa mgonjwa, kama uko tayari bonyeza moja. Kaka, nilisimama nimeshika simu mbili, ya Mama inayoomba na ya Mjomba inayoombwa, na kati yao nilikuwepo mimi peke yangu. Nilimwambia yule mwanamke kwamba Mjomba hayupo, yuko shambani, ng'ambo. Akarudia yale yale kwa sauti ile ile. Nikawaza kwamba nikikataa, kompyuta itaandika kuwa Lumbuli hakuna msaada na itakoma kututafutia, na nikikubali pengine kuna mtu huko atakayenielewa. Nikabonyeza moja. Akanishukuru.

Niliandika tena, safari hii MIFUPA, ili nimpate Mzee Hatibu. Jibu likasema kwamba mteja huyu tayari anahudumiwa, asubiri ombi lake la kwanza likamilike. Nikasahau makatazo ya Mama nikapiga mayowe, ila sauti yangu unaijua, na ukungu ulikuwa umejaa mpaka mlango wa kanisa. Nilimwona Bikira Maria tu, na zile simu zote zimejipanga miguuni kwake, kila moja ikisema mwenyewe yupo.

Ndipo nikaliendea rimu. Nilijua kwamba nikiligonga nitakuwa nimemtangazia Mama kifo. Nilijua Bibi atasikia na moyo wake si wa kusikia mambo hayo akiwa peke yake. Nilisimama pale na nondo mkononi kwa muda ambao bado unanisumbua. Mwishowe nililigonga harakaharaka, kwa mtindo wa zamani wa mgonjwa, nikitumaini wanaume watakumbuka.

Walikuja, lakini walikuja kwa mwendo wa msibani. Wanawake walianza kulia tangu bondeni, wamefunga kanga kiunoni, na wanaume walibeba majembe na sepetu za kuchimbia kaburi. Mjomba aliniuliza ni nani. Nikasema Mama. Kabla sijaongeza kwamba ni mguu, vilio vilinifunika, na kila nilipojaribu kusema yu hai kuna aliyenikumbatia akaniziba mdomo kwa bega lake akiniambia nilie tu, mwanangu, nilie. Ni Sabra aliyenisikia. Akapaza sauti ya ukali ambayo sijui aliitoa wapi, akawaambia watu wazima wanyamaze, mtu anaongea. Mjomba alipoelewa alitupa sepetu chini. Machela alikuwa ameiacha kwake ng'ambo, maana maiti ya mtu aliyefia nyumbani mwake haihitaji machela. Wakabeba benchi la kanisa, wakanifuata.

Kuna jambo sikulifikiria nilipokuwa nimeshika ile nondo. Nilimfikiria Bibi na nikawafikiria watu. Sikufikiria kwamba Mama pia ana masikio.

Tulipofika nilikuta gunia peke yake. Mama alisikia rimu, na kwa kuwa alijua yeye ni mzima, akaamini kwamba ni Bibi aliyekufa, na kwamba mimi nimemkuta maiti nilipopita nyumbani. Akaamua kwenda kumlilia mama yake. Alipanda matuta yote mawili kwa mikono na kwa ule mguu. Tulimkuta amekumbatia mgomba, na swali lake la kwanza kwa Mjomba lilikuwa kama Bibi amefunikwa uso.

Mzee Hatibu alikuwa amekuja kuzika, na kofia yake nyeupe kichwani. Aliushika mguu muda mrefu bila utani wowote. Alimwambia Mjomba pembeni kwamba mguu uliovunjwa na kuanguka angeufunga ukapona, lakini huu umekwisha kutembelewa ukiwa umevunjika. Tulimteremsha mpaka barabarani, gari likampeleka hospitali mjini, akafungwa plasta, akalala kule, akarudi. Plasta ilipotolewa goti halikukunja, na mpaka leo halikunji, na unyayo umegeuka nje. Cherehani yake ni ya miguu, kaka. Anakaa kwenye kiti, anaweka kitambaa, na mimi nikitoka shule nazungusha gurudumu kwa mkono huku yeye akishona. Tunakwenda polepole. Wateja wamepungua, ingawa simu yake huko juu bado inawaambia kwamba yupo.

Wakati ule ulikuwa bado kazini kwa majaribio. Mama akiwa bado kwenye benchi aliwaapisha wote, Mjomba, katekista, hata Mzee Hatibu kwa dini yake, kwamba hutaambiwa, kwa sababu ungeacha kazi uje. Kwa hiyo kila Jumapili ulipomuulizia, nilijibu alivyonifundisha, leo yuko gulioni, leo yuko kwenye sala za Jumuiya, leo amekwenda kumwona mgonjwa. Uliwahi kucheka ukasema Mama siku hizi anatembea sana. Wote pale groto walisikia, na katekista akaanza kuwafukuza watoto ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Nilidhani Mama akisikia habari ya wageni ndipo ataniruhusu nikwambie. Badala yake alimwagiza Mjomba amkatie fimbo. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado haujapanda, anatoka na hiyo fimbo kujifunza kupanda kilima, ili sikukuu ikifika umkute pale ulipotaka awepo. Hataki nimshike. Natembea nyuma yake nimebeba tepu. Anaweka mguu mzima, anavuta ule mwingine kama mtu anayevuta kuni, anapumzika, anasema kilima hiki kimemjua tangu akiwa binti. Wiki hii amefika kwenye mfenesi wa babu. Ameanguka mara kadhaa, na kila akianguka ananitazama kwanza mimi kuona kama nimeona. Mzee Hatibu alimwonya waziwazi kwamba mguu ule ukivunjika tena hakuna mtu atakayeufunga, si yeye wala wa mjini. Mama alimjibu kwamba yeye ni fundi, anajua kitambaa kinavyoshonwa mara ya pili.

Nimejaribu watu wakubwa. Nilimwendea Mjomba, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Alinisikiliza huku akimkamua mbuzi, akasema amembeba dada yake mgongoni tangu wakiwa wadogo, lakini hajui namna ya kumzuia mama asipande kumpokea mwanawe. Katekista alisema ataliombea. Kwaya inafanya mazoezi ya wimbo wa kuwapokea wageni wako, beberu amechaguliwa, na waya wa groto umepakwa rangi ya buluu. Kila mtu anaogopa siku hiyo na kila mtu anaiandaa. Jioni nikisoma, nasoma ukurasa mmoja mara nyingi bila kujua unasema nini.

Kuna jambo moja limebaki, na hili hata Mama halijui, kwa sababu ni mimi tu ninayeweza kulijua. Jumapili ile uliposema kuhusu mteja wa Lumbuli, niliporudi nyumbani niliwauliza watu kama kuna mwingine aliyewahi kuomba usafiri wa mgonjwa tangu Krismasi. Hakuna. Baada ya siku ile ya Mama hakuna aliyejaribu tena. Kaka, yule mteja aliyepata msaada kabla dakika haijaisha, aliyewafanya wakubwa wako wapige makofi, ni Mama yetu, aliyekuwa matopeni chini ya gunia. Na aliyekubali kumhudumia ni mimi, nilipobonyeza moja. Simu zilikuwa zimening'inia kwenye waya mmoja, ndiyo maana mlikuta jibu limepatikana upesi hivyo. Wageni wako wanapanda mlima kuja kukitazama kidole changu.

Nilifikiri nikishaandika haya nitajua nikuombe nini, lakini bado sijui. Ukiwaambia wakubwa wako, naogopa utaipoteza kazi ambayo Mama ameilipia kwa mguu wake. Usipowaambia, atapanda. Nikimwambia kwamba nimekuandikia, ataanza kupanda alfajiri zaidi bila mimi, na siwezi kulala mlangoni kila siku. Nimewaza kuificha fimbo. Niliificha kweli siku moja. Akatoka na mpini wa jembe.

Labda nikuombe hili dogo. Ukija, pamoja na wageni au peke yako, usipitie njia ya kanisani. Pita njia ya chini, ya mgombani, uje moja kwa moja nyumbani kabla hajatoka. Akikuona umeshafika hatakuwa na sababu ya kupanda.

Bibi anakusalimu sana na anasema usisahau kwamba mtu huoa. Mjomba Mikaeli anakusalimu. Mzee Hatibu anakusalimu na anaulizia kama huko kwenu kuna namna ya kuirudisha simu kwenye Uislamu. Sabra anakusalimu pia, na ameniahidi hataisoma barua hii njiani, ingawa nadhani ataisoma. Mama hajui kwamba naandika, kwa hiyo salamu zake sina, lakini asubuhi ya leo alipokuwa amekaa chini ya mfenesi kupumzika aliniuliza kama siku hizi shati lako ni la saizi ile ile.

Jumapili ukipiga nitapokea kama kawaida, na watu watakuwa wamesimama pale, na nitakwambia kwamba Mama hajambo, amekwenda Jumuiya. Nakuomba siku hiyo usiniamini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Witness